Sauti ya Spika ya Nyuma

Mwalimu Lwakatare alitaka spika mbili. Mwanawe Rwekaza alitaka tano na sabufa. Kwa wiki nzima, kila walipokaa mezani pale Buhembe, mazungumzo yalianzia kwingine na kuishia hapo.

Redio ya zamani ilikuwa imeunguzwa na radi. Ilikuwa redio ya Mwalimu mwenyewe. Ndicho chombo pekee alichokibeba kutoka Kagoma, kule Muleba, siku mwanawe alipomhamishia mjini baada ya mazishi ya mama yao. Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada, alikuwa akichomeka flashi yake na kusikiliza nyimbo nane za kwaya ya usharika wa Kagoma, kwaya aliyoifundisha kwa miaka ishirini na sita. Nyimbo zile zilirekodiwa kanisani miezi minne kabla mkewe Judica hajafariki. Mle ndani Judica alikuwa akiimba sauti ya pili.

Rwekaza alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha minofu ya samaki. Alitaka wenzake wakija kuangalia mpira wausikie uwanja mzima ukinguruma sebuleni kwake. Mkewe Hellen, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa mjini, hakuwa mtu wa mpira, lakini aliwahi kuangalia filamu kwa rafiki yake mwenye mtambo wa spika tano. Alisimulia jinsi mvua ya kwenye filamu ilivyonyesha nyuma ya mgongo wake mpaka akageuka kutazama dirisha.

Mwalimu aliwasikiliza wote wawili. Halafu akawaeleza, taratibu kama aelezavyo darasani, kwamba kwaya yake ilirekodiwa kwa maikrofoni mbili tu. Sauti ya kwanza na ya tatu walisimama kushoto, ya pili na ya nne kulia. Ukiwa na spika mbili zilizopangwa vizuri, alisema, unajua kila mtu amesimama wapi.

"Mama yenu yuko kulia," alisema. "Wa tatu kutoka ukutani. Mkiweka spika tano, mtamtawanya."

Hellen akaanza kukusanya sahani.

*

Jumamosi walikwenda dukani wote watatu. Duka lilikuwa la mzee Thakorbhai, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini Bukoba, ingawa siku hizi aliyesimama kaunta ni mwanawe Hiren. Mzee mwenyewe alikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, akisoma gazeti kwa miwani iliyofungwa uzi.

Hiren alianza na spika tano. Aliweka filamu, na helikopta ikapita juu ya vichwa vyao kutoka mlangoni hadi kwenye rafu za pasi. Rwekaza alicheka kwa furaha, na Hellen akamshika mkono. Kisha Mwalimu akatoa flashi yake katika mfuko wa koti na kuomba aisikilize kwenye amplifaya ya spika mbili kubwa zilizokuwa pembeni.

Hiren akaiweka. Kwaya ikasimama mbele yao. Mwalimu alifumba macho na, bila kujitambua, akainua mkono wake wa kulia na kuanza kuwaonyesha kwa kidole mmoja mmoja, huyu hapa, huyu pale, akiwataja kwa majina. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua betri akamtazama, kisha akamkonyeza mwenzake. Walicheka kwa pua.

"Tata," Rwekaza akamwambia baba yake kwa sauti ya chini, "watu wanatuangalia."

Mwalimu akafumbua macho na kushusha mkono. Alitazama spika mbili, akatazama spika tano, akamtazama mwanawe aliyevaa shati la kazini lenye jina lake kifuani.

"Nunua unachotaka," alisema. "Nyumba ni yako."

Maneno hayo yalimchoma Rwekaza. Bei za vitu vile viwili zilikaribiana, kwa hiyo hakuwa hata na kisingizio cha fedha. Alichukua spika tano. Hiren akawaambia watunze boksi na risiti, kwani ndani ya wiki mbili wangeweza kubadilisha kama mtambo hautawapendeza.

*

Fundi aliweka spika tatu mbele, chini ya televisheni, na zile mbili ndogo akazigongomea nyuma, kwenye ukuta wa makochi. Moja ilikaa juu kidogo ya kiti alichokuwa akikalia Mwalimu.

Jumapili mvua ilianza saa nane mchana. Walikuwa wamekwisha kula ebitoke, ndizi za kupika, na samaki, Hellen yuko jikoni, Rwekaza amejilaza. Mwalimu alichomeka flashi. Rwekaza alikuwa amemwekea rimoti tayari, spika zote tano ziimbe, akamwambia asibonyeze kitu kingine.

Nyimbo tatu za kwanza hazikumpendeza. Kwaya haikuwa mbele yake tena, ilikuwa imemzunguka, na hakuweza kumpata mtu yeyote mahali pake. Akavumilia. Wimbo wa nne ulikuwa ule walioutayarisha kwa mashindano ya dayosisi. Katika ubeti wa tatu sauti ya nne huimba peke yake, wanaume sita wenye vifua vizito, na wengine wote hunyamaza wakisubiri kuingia. Spika ya katikati iliwabeba wale wanaume sita mbele. Nyuma kukabaki kimya cha kanisa, mtu akikohoa, kiti kikisogea.

Na ndani ya kimya hicho, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, Judica akasema neno.

Mwalimu aligeuka kwa nguvu mpaka shingo ikamuuma. Aliona ukuta, kalenda ya kanisa, na spika ndogo nyeusi. Hakuwa amesikia maneno, lakini sauti alikuwa ameishi nayo miaka arobaini na moja. Ilikuwa sauti ile aliyokuwa akiitumia walipokuwa na wageni na chumvi imekwisha ndani.

Alirudisha wimbo nyuma, akausikiliza tena. Aliurudisha mara ya tatu. Mara ya sita, akiwa amepiga magoti juu ya kiti na sikio lake ameliegemeza ukutani, alipata maneno mawili ya mwisho. Judica alikuwa akisema kwa Kihaya: "Usimwambie Mwalimu."

*

Kuanzia siku hiyo hakuwa mtu wa Jumapili tu. Alisikiliza asubuhi wenye nyumba wakienda kazini, akasikiliza mchana. Masikio yake ya miaka sabini na tatu hayakuweza kupata yaliyotangulia yale maneno mawili. Chakula alichoachiwa kilikutwa jioni kimefunikwa vilevile.

Siku ya tatu alimwuliza Rwekaza ni jambo gani ambalo mama yao hakutaka yeye aambiwe. Rwekaza akasema hajui, tena akauliza limetokea wapi swali hilo. Mwalimu akamweleza. Rwekaza alikaa kwenye kile kiti, akasikiliza kwa dakika chache bila kuongeza sauti, hakusikia kitu, na akamtazama baba yake kama atazamavyo mtu mwenye homa.

Keshoye alikuja mwinjilisti. Rwekaza ndiye aliyemwita, ingawa mwinjilisti mwenyewe alisema amepita tu kusalimia. Baada ya chai mwinjilisti alisimama na kuombea nyumba, akaombea kumbukumbu za marehemu zisiwe kifungo kwa walio hai, na mwishoni akaweka mkono wake juu ya ile spika ya ukutani. Mwalimu Lwakatare, aliyemfundisha mwinjilisti huyo kusoma noti akiwa kijana, alikaa ameinamisha kichwa mpaka amina. Alimshukuru na kumsindikiza hadi barabarani.

Hellen ndiye aliyesikia. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo haendi dukani. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kunyoa na aliacha wimbo ukiendelea. Hellen alikuwa akifuta vumbi nyuma ya kochi, kichwa chake kimekaribia spika, wanaume sita walipoanza ubeti wa tatu. Masikio yake yalikuwa ya miaka thelathini na nne, na aliipata sentensi yote. Alibaki ameinama vile, kitambaa mkononi, mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza.

Kisha aliupitisha mkono nyuma ya spika na kuuchomoa waya.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja mezani akaketi bila kugusa kijiko. Rwekaza alimwuliza kama anaumwa.

"Amenyamaza," Mwalimu akasema. "Nimemsubiri mchana kutwa. Nadhani nimemchosha kwa kumrudisha rudisha." Halafu machozi yakamtoka mbele ya mkwewe, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini.

Hellen aliinuka akaenda jikoni na kufungua bomba la maji, akaliacha likitiririka. Hakuurudisha waya.

*

Ni Rwekaza aliyeamua kuwa mtambo urudishwe. Alisema mbovu huo, na hata kama si mbovu unamharibu mzee, achukue tu hizo spika mbili alizozitaka tangu mwanzo. Hellen alikubali haraka kuliko mumewe alivyotarajia, yeye aliyekuwa akiulilia mtambo huo. Aliyekataa alikuwa Mwalimu. Alisema spika mbili hazina kitu, alizisikiliza miaka miwili na hazikumwambia neno.

"Wiki mbili zinakwisha Jumamosi, Tata," Rwekaza akasema. "Twende Hiren autazame. Akisema mzima, tutarudi nao."

Dukani kulikuwa na watu. Hiren aliupanga mtambo juu ya kaunta na kuzisambaza spika, akageuza ile ndogo ya nyuma na kusema kwamba hakuna kilichoharibika. Waya ulikuwa umechomolewa tu. Alisema umechomolewa, si umechomoka, kwa sababu kibanio chake hufunguliwa kwa kidole. Aliuchomeka. Rwekaza akamweleza kwa aibu, akijaribu kucheka, kwamba mzee anasikia mtu akinong'ona.

Hapo mzee Thakorbhai akakunja gazeti lake. Alikuja mbele polepole, akamsalimia Mwalimu kwa heshima, na kuomba wimbo wenyewe.

"Mashine haiongezi kitu, Mwalimu," alimwambia. "Inagawa tu. Kile ambacho maikrofoni zote mbili zimekisikia sawasawa inakipeleka mbele. Kile kisicholingana, kilichotoka pembeni, inakitupa nyuma. Kwenye spika mbili vyote vimelaliana. Kama mtu amesema, basi alisema siku hiyohiyo. Yumo humo siku zote."

Alizima spika za mbele zote, akapandisha sauti ya nyuma mpaka mwisho. Wanaume sita wakawa kama wanaimba nje ya jengo. Kisha sauti ya Judica ikajaa duka, kubwa, yenye pumzi fupi, na kila Mhaya aliyesimama pale akaielewa.

"Dawa za Hellen zimekwisha. Tumbo linanikata. Usimwambie Mwalimu."

Hiren, aliyezaliwa Bukoba na kukulia mtaani, naye alielewa, akanyoosha mkono na kuzima. Rwekaza alimgeukia mkewe. Hellen alikuwa akitazama sakafu, na alikuwa mtu pekee mle dukani ambaye hakuonekana kushangaa.

Walifunga mtambo kwenye boksi na kuondoka nao. Hakuna aliyezungumzia kuubadilisha.

*

Judica alikufa kwa saratani. Ilikuwa imekwisha shika ini walipomfikisha hospitali, na daktari alisema wamechelewa sana. Aliuliza maumivu yalianza lini. Mwalimu alijibu kwa uhakika kwamba ni wiki tatu. Hellen siku ile alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chupa ya uji, na hakusema kitu.

Sasa Rwekaza alimwuliza, wakiwa wamesimama sebuleni, boksi katikati yao. Hellen alisema ni kweli. Mama alimpigia simu miezi mitatu kabla ya kurekodi, akaomba dawa za kutuliza tumbo. Yeye alimpelekea, akampelekea tena, na Mama alimwapisha asiseme.

"Wewe mtu wa duka la dawa," Rwekaza akasema. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa sijui ni nini. Nilijua tu si kitu kidogo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Mwalimu alikuwa ameketi. Hakupandisha sauti, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliingia zaidi. "Nilikuita binti yangu," alimwambia. "Kumbe ulikuwa ukimzika mke wangu kidonge kimoja kimoja."

Hellen alifungua mdomo. Alimtazama mzee, kisha akaufunga. Aliingia chumbani, na usiku ule Rwekaza alilala kwenye kochi.

*

Asubuhi Mwalimu alivaa koti lake na kwenda Kagoma. Alikuwa akijua Judica alimnong'oneza nani. Wa nne kutoka ukutani, upande wa kulia, alikuwa Benadetha, mjane ambaye kibanja chake kilipakana na chao.

Alimkuta amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akimenya ndizi. Benadetha alipomwona aliosha mikono, akamletea kiti, akamwuliza habari za mjini na za watoto. Nyumba ya Mwalimu ilionekana kati ya migomba, madirisha yamefungwa, nyasi zimefika kwenye ngazi. Walizungumza juu ya mvua na mnyauko wa migomba. Kisha Mwalimu akamwambia kwamba amesikia.

Hakueleza zaidi. Benadetha hakuuliza alisikiaje. Alikishika kisu chake bila kumenya kitu.

"Nilijua utakuja siku moja," alisema. "Nilidhani ungekuja mapema."

Alimsimulia. Judica alianza kuumwa wakati wa mavuno ya kahawa. Alisema mashindano yakipita atakwenda hospitali, kwa sababu sauti ya pili walikuwa wanne tu, na Mwalimu alikuwa ametangaza mbele ya kwaya yote kwamba atakayekosa mazoezi, hata awe nani, amejiondoa. Siku ya kurekodi wimbo ule waliurudia mara saba. Mara ya tano Judica alimshika Benadetha mkono chini ya joho, akamkwaruza mpaka damu.

"Nilimwambia tumwambie Mwalimu. Akasema, akijua ataacha mashindano, na akiacha hatajisamehe. Alikuwa anakujua."

"Hellen ndiye aliyemficha," Mwalimu akasema. "Alikuwa na dawa. Angeweza kumchukua."

Benadetha aliweka kisu chini.

"Mwalimu, Hellen alikuja kumchukua. Husahau kitu wewe, hilo umelisahau? Ile Jumamosi ya mazoezi alikuja na gari la kukodi. Alikuwa ameongea na daktari kule Bukoba. Judica alikuwa amekwisha vaa viatu. Wewe ulisimama mlango wa kanisa."

Na Mwalimu akakumbuka. Alimkumbuka mkwewe akiwa amesimama kwenye jua na mkoba wake, akisema kwa adabu kwamba amekuja kumwomba Mama waende naye mjini mara moja, kuna jambo dogo. Alikumbuka kwamba alidhani ni habari za kununua vitambaa vya harusi ya mtu. Alikumbuka hata alivyojibu, kwa sababu wanakwaya walicheka. Alisema, "Leo Ma Judica ni wangu. Mtamchukua Jumatatu." Hellen aligeuka kumtazama Judica, na Judica akatikisa kichwa, akainama, akavua viatu vya safari.

"Jumatatu gari halikupatikana," Benadetha akasema. "Na baadaye Judica mwenyewe akakataa. Lakini msichana wa watu alikuja."

Alimpa kahawa. Mwalimu aliishika mpaka ikapoa. Alipoondoka hakupita kwenye nyumba yake, ingawa ilikuwa hatua thelathini tu. Alipita kaburini, nyuma ya migomba, akasimama. Alikuwa na mambo ya kusema, lakini hapakuwa na sauti pale, palikuwa na majani tu. Akaenda barabarani kusubiri gari.

*

Alifika Buhembe saa kumi na moja jioni. Hellen alikuwa mlangoni na begi. Kwao ni Ngenge, na Rwekaza alikuwa amemwambia aende akapumzike huko kwa muda, maneno ambayo kila mwanamke aliyeolewa anayaelewa. Rwekaza mwenyewe alisimama uani akijifanya anaangalia tairi la pikipiki.

Mwalimu alimwita mwanawe aje. Kisha akamwuliza Hellen, mumewe akisikia.

"Daktari alipouliza ilianza lini, nilisema wiki tatu. Ulikuwa umesimama pale. Kwa nini hukunisahihisha?"

"Mama alikuwa anasikia," Hellen alisema. "Na ningesema miezi saba, ungekumbuka ile Jumamosi. Ungebaki na nini, Baba?"

"Na jana? Nilipokuambia yale maneno?"

"Ni hivyo hivyo."

Rwekaza aliuliza ni Jumamosi gani. Baba yake akamsimulia, yote, na gari, na viatu, na kicheko cha wanakwaya. Hakujipunguzia kitu. Alipomaliza Rwekaza alinyoosha mkono kuchukua begi la mkewe alirudishe ndani, lakini Hellen hakuliachia.

"Nitakwenda," alisema. "Nilikuwa nimefukuzwa, sasa naenda mwenyewe. Siku chache. Nimechoka kubeba."

Alikaa Ngenge siku tisa. Wiki mbili za Hiren zilipita boksi likiwa halijafunguliwa. Siku ya tisa Rwekaza alikwenda kumwomba msamaha mbele ya baba mzazi wa Hellen, ambaye alimwacha amesimama nje kwa muda mrefu kabla ya kumkaribisha, naye akasimama.

Waliporudi, Mwalimu alikuwa sebuleni. Alimwambia Hellen kwamba muda umepita lakini amekwisha zungumza na mzee Thakorbhai, naye amekubali kubadilisha. Wangeweza kupata spika mbili. Kwaya ingesimama mbele tu kama zamani, na nyuma pangekuwa kimya. Alisema uamuzi ni wake Hellen, kwa sababu ndiye aliyeishi na sauti ile muda mrefu kuliko wote.

Hellen alilitazama boksi. Alikuwa mwembamba zaidi kuliko alivyoondoka.

"Tuzifunge hizi hizi," alisema. "Nilichomoa ule waya mara moja, Baba. Haikusaidia."

*

Siku hizi wenzake Rwekaza huja kuangalia mpira, na uwanja hunguruma sebuleni kama alivyotaka. Lakini Jumapili mchana mtambo ni wa Mwalimu. Amekigeuza kiti chake. Hukaa ameipa televisheni mgongo na kuukabili ukuta, uso wake umeelekea spika ndogo ya nyuma, na mgeni asiyejua huona ni mzee aliyechanganyikiwa. Hellen humpelekea chai kwa kupita kati yake na ukuta, akijibanza, na mara nyingine hubaki hapo hapo, ameegemea kochi, mpaka wimbo wa nne.

Amepandisha sauti ya nyuma, kwa hiyo sasa anayapata maneno yote. Wanaume sita wanaimba kwa mbali. Judica anasema dawa zimekwisha, anasema tumbo linamkata, anasema Mwalimu asiambiwe. Mwalimu hajaribu tena kurudisha nyuma. Hukaa ameshika kikombe, kwa sababu kinachofuata ndicho kizito kuliko maneno yale.

Inapita pumzi moja. Ubeti wa nne unaanza, na Judica anaingia pamoja na wenzake, kwa wakati kamili, sauti yake imenyooka, haina ufa, kama alivyomfundisha.